Dari la Nyota la Zamburi

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani kwa sababu hata aliyenihadithia mimi hakuulizwa, palikuwa na mashoga wanne katika mji mdogo wa wasuka mikeka. Walichezwa unyago siku moja, wakaolewa mwaka mmoja, na kila alasiri walikutana barazani kwa Kibibi kusuka ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa ukawa mkeka. Kibibi ndiye mwenye baraza. Wa pili Mwatumu, mwenye binti mmoja. Wa tatu Saumu, mwenye mume mgonjwa. Wa nne Mize, na hadithi hii ni yake.

Wanne hao walikuwa na safari moja vinywani. Mbali kule, mwendo wa siku nyingi kwa miguu, ulikuwapo mji wa Zamburi, mkubwa na mkongwe, wenye minara ya wafalme ambao hata majina yao yamesahaulika. Mkono unasuka, mdomo unasafiri. Kibibi alitaka kuona soko la vitambaa. Mwatumu alitaka mitaa ya wapishi. Saumu, makaburi ya wafalme. Mize alitaka kitu kimoja tu: dari la ukumbi wa wafalme, lililochorwa nyota kwa maji ya dhahabu. Marehemu baba yake aliwahi kulala chali chini ya dari hilo, na hadi anakufa alikuwa akisema, "Mwanangu, nikifumba macho bado naliona."

Wakala yamini: wataenda wote wanne, au haendi mtu. Na wangefuatana na msafara wa wauza chumvi, ambao hupita mara moja tu kwa mwaka, masika yakiisha.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu husinzia, kisha wakaja kunisumbua kwa maswali. Mwaka uleule wa kiapo, macho ya Mize yalianza kuingia ukungu. Mganga hakumficha. "Mwanangu, haya hayarudi. Unachotaka kukiona, kakione upesi." Mize hakumwambia mtu. Alisema moyoni, masika yakiisha tunaondoka, nitaziona nyota za baba, kisha liwe liwalo.

Masika yakaisha. Mwatumu akasema, "Mashoga zangu, binti yangu ana mimba ya kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Tungoje mwakani. Kawia ufike." Mize alitaka kusema. Akaona furaha ya Mwatumu, akanyamaza. Msafara ukapita.

Masika mengine yakaisha. Vyombo vimefungwa, maandazi ya njiani yamekaangwa, mume wa Saumu akafa. Saumu akakaa eda. Wenzake walipokwenda kumpa pole, aliwashika mikono akasema, "Kiapo ni kiapo. Msiniache peke yangu." Mize alitaka kusema. Lakini utamwambiaje mjane, machozi hayajakauka, kwamba wewe una haraka ya kwenda kutazama dari? Akanyamaza. Msafara ukapita.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomtuliza. Kila jioni alihisi ukili wake umekwenda upande, vidole vimeruka mwaa. Kazi zao waliziacha palepale kwa Kibibi, na kesho yake Mize alipouchukua ukili wake akaupapasa, aliukuta umenyooka. "Kumbe najitia hofu bure," akajiambia. "Bado naona." Kwa hiyo akangoja.

Masika ya tatu wakaondoka kweli. Mize alijitanda kanga hadi puani, akasema vumbi linamuuma macho, akashika bega la Kibibi. Alipotoka nyumbani alikuwa bado anaona vivuli. Njiani vivuli navyo vikaanza kumtoka, na hakusema kitu. Alikuwa akimwomba Mungu amwachie kidogo tu, cha kuonea dari.

Wakaingia Zamburi, wakaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa wafalme. Watatu wakainua nyuso, wakapigwa na butwaa, pakawa kimya. Katika kimya kile Mize akamvuta Kibibi nguo, akauliza taratibu, "Shoga, tutaingia ukumbini lini?"

Mwatumu akapitisha mkono mbele ya uso wake, na macho ya Mize hayakupepesa. Saumu akaanza kulia. Hapo Mize akajua yuko wapi. Akakaa sakafuni, akainua uso, akakuta giza lilelile. Ilimuuma kuliko siku ya maziko ya baba yake. Akawaeleza yote, tangu kwa mganga.

Mwatumu akasema, "Kosa ni langu. Dada yangu alikuwepo, angempokea mtoto vizuri tu. Mimi nilitaka nimshike mjukuu kabla ya mtu mwingine. Lakini Mize, mwaka wangu ulipopita ulikuwa bado unaona."

Saumu akasema, "Kosa ni langu. Ningewaambia nendeni, mngekwenda. Niliogopa nyumba tupu. Lakini kifo sikukileta mimi, wala eda sikuitunga mimi."

Kibibi akasema, "Mimi nilijua. Kila mlipoondoka niliufumua ukili wako nikausuka upya, watu wasije wakakucheka. Nikasema akitaka kusema, atasema mwenyewe. Niliona ninakusitiri."

Mize akageukia ile sauti. "Kibibi, ulinidanganya mikononi mwangu mwenyewe. Ningejua macho yangu yamefikia wapi, ningempigia Saumu magoti ndani ya eda yake."

"Na wewe mdomo ulikuwa nao," Kibibi akasema, naye analia. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Ungetuambia neno moja, tungekuleta huku hata kwa mgongo."

Neno hilo lilimchoma Mize, kwa sababu lilikuwa kweli.

Sasa, kwao mashoga wa kiapo hawaanzi safari ya kurudi wakiwa na kinyongo. Aliyekosa huomba radhi, aliyekosewa humpa mkono, ndipo wanaondoka. Watatu wakapiga magoti, na kila mmoja akasema, "Nimekosa, niwie radhi."

"Mkikosa wote, basi hakuna aliyekosa," Mize akasema. "Mimi nataka kumjua. Nitajieni mmoja, huyo nimpe mkono, nimlilie yeye."

Wakatazamana. Nje ngoma ya msafara ikalia kuita watu wa kurudi; chumvi imekwisha shushwa, na wauza chumvi hawangoji mtu. Mize akanyoosha mkono kwenye giza lake, asijue amshike nani, au aurudishe kifuani pake mwenyewe.

Mimi nimemwacha hapo, mkono umenyooka. Nyinyi wenye macho mwambieni: ni Mwatumu aliyengojwa kwa furaha yake, au Saumu aliyengojwa kwa msiba wake? Ni Kibibi aliyemsitiri, au Mize mwenyewe aliyenyamaza? Je, nani alimnyima Mize nyota za baba yake?