Mtoto wa Kishingo Aliyeanguliwa na Mkia

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu! Ninyi vifaranga mlio chini ya bawa langu, itikeni. Na ninyi matetea mnaojifanya mmesinzia, itikeni pia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, palikuwa na kuku. Akili zetu zilikuwa hizihizi, chache, na hizo chache tulizifukia tukichakura. Basi nyuma ya jiko la watu palikuwa na banda, na bandani alikaa tetea mmoja, shingo tupu, haina hata unyoya. Jina lake Kishingo. Huyo ni nyanya wa nyanya yangu, kwa hiyo mkimcheka mnanicheka mimi. Chekeni tu, nimezoea.

Siku moja mvua ilinyesha, ikabomoa kichuguu. Kishingo akapita, te-te-te, akaona yai matopeni. Refu, jeupe, laini laini. Kuku mwenye akili angeuliza: hili yai la nani? Lakini sisi tangu lini tukauliza? Kitu cha mviringo tukikiona, tunakilalia. Mimi mwenyewe nililalia viazi viwili msimu mzima, na nikaapa navisikia vikicheza.

Kishingo akalisukuma yai kwa mdomo, gili, gili, gili, mpaka kiotani. Akaatamia. Mayai yake mengine yakaanguliwa, vifaranga wakatoka, piu, piu, piu. Lile moja likabaki. Wenzake wakamwambia, "Kishingo, hilo viza. Tupa." Akasema, "Sitaki." Akaatamia, akaatamia, mpaka kifua kikawa kitupu kama shingo.

Siku moja, pwa! Yai likapasuka. Kikatoka kichwa. Ukatoka ulimi, umegawanyika mara mbili. Ukatoka mkia, ukatoka mkia, ukazidi kutoka mkia. Kenge!

Matetea wote wakarukia paa. Kile kitoto kikamtazama Kishingo, kikasema wazi, si piu wala nini:

"Shikamoo, mama."

Na Kishingo, kwa mshtuko, akaitika, "Marahaba, mwanangu."

Basi, imekwisha hiyo! Ukishaitika marahaba, utasema tena humjui? Akamlea. Akampa jina Sudi.

Sudi akakua. Akala panzi, akala mende, akasema. Lo, alisema! Asubuhi maswali, mchana maswali. "Mama, kwa nini tunakunywa maji tukitazama juu?" "Mama, kwa nini baba anawika, jua limemkosea nini?"

Baba ndiye Kuchi, jogoo wa banda, miguu mirefu, kifua mbele. Hakumpenda Sudi hata kidogo. "Huyo kenge," alisema. "Kenge anakula mayai. Mtanikumbuka."

Msimu wa kutaga ukafika. Na sisi tukitaga mnatujua. Tetea wa kwanza akataga, akatoka nje, akapaza sauti: "Ko-ko-ko-tekoo! Nimetagaaa!" Aliporudi kutoka kunywa maji, yai halipo. Wa pili akataga. "Ko-ko-ko-tekoo!" Yai halipo. Wa tatu hivyohivyo, tena yeye alipanda juu ya kuni ili asikike mpaka ng'ambo.

Kuchi akaita kikao. "Nilisema sikusema?"

"Ulisema!" wakaitika wote. Sisi jogoo akisema jambo, tunaitika kwanza, kufikiri baadaye, tukikumbuka.

Sudi akainua mkia. "Baba, naomba kuuliza. Kwa nini mkitaga mnapiga kelele?"

Bandani pakawaka moto.

"Ati kelele?"

"Ule ni wimbo!"

"Mama yangu aliimba hivyo, na mama yake!"

"Mtoto wa kuokotwa, leo anatufundisha kutaga!"

Kuchi akasema, "Jua likizama na mwizi hajajulikana, wewe unaondoka. Hapa si kwenu."

Kishingo akamfuata mbiombio. "Baba watoto, jamani, aende wapi? Kenge wenzake hawajui. Hata kuogelea hajui, nimemkataza maji!"

"Jua likizama," akasema Kuchi, akageuka.

Kishingo akarudi akilia. Na yai nalo lilikuwa limembana, siku hiyo hiyo. Sudi akamnong'oneza, "Mama, taga kimya. Ile kelele niachie mimi."

"Kimya? Mwanangu, haiwezekani!"

"Jaribu, mama. Kwa ajili yangu."

Akajaribu. Akataga. Loo, ile sauti ilivyompanda! Ilifika shingoni, shingo ikavimba, ikawa nyekundu. Macho yakamtoka. Akaujaza mdomo pumba, akatumbukiza kichwa chini ya gunia, matako juu, akitetemeka tete-tete-tete. Lakini hakulia. Hiyo ndiyo mara pekee katika ukoo wetu, tunajivunia mpaka leo.

Sudi alikuwa ameshakwenda mbali, nyuma ya rundo la kuni. Akavuta pumzi: "Ko-ko-ko-tekoo! Nimetagaaa!"

Majani yakatikisika. Nyapu, nyapu, nyapu. Akaja Nguchiro, anajilamba.

"Leo sauti nzito," akajisemea. "Yai lake lazima liwe kubwa."

Akaingiza kichwa nyuma ya kuni. Mkia wa Sudi ukashuka. Chapa! Ukashuka tena. Chapa! Nguchiro akabiringika mpaka mbele ya banda, mbele ya kuku wote.

"Mnanipigia nini?" akalia. "Kosa langu nini mimi? Kila siku mnaniita wenyewe! Mwingine amepanda mpaka juu ya kuni kuniita!"

Akakimbia, hakurudi tena.

Matetea wakatazama chini. Wakaanza kuchakura, ingawa hapakuwa na kitu cha kuchakura. Kuchi akarukia paa, akajipiga mabawa: "Kokoikooo! Nimemfukuza mwizi!" Hakuna aliyeitika. Akashuka polepole, akasogea karibu na Sudi, akakohoa. "Usilale mlangoni," akasema. "Kuna baridi. Lala ndani na wenzako."

Jioni Kishingo akamuuliza mtoto wake, "Sudi, niambie kweli. Mayai hukuyatamani hata siku moja?"

"Nayatamani, mama. Kila siku. Nikiyaona mate yananitoka. Lakini aliyemo ndani ni mdogo wangu."

Kishingo akalia. Akafungua bawa amfunike. Likafunika kichwa tu, mwili wote ukabaki nje, na wakalala hivyohivyo.

Basi wanangu, mtoto wa kulea ni mtoto. Usimhukumu kwa ukoo aliotoka, mtazame anavyoishi nawe. Na ukipotelewa na kitu, kabla hujamkodolea mwenzio macho, jiulize mdomo wako mwenyewe umetangaza nini.

Hadithi yangu imeishia hapo, atakaye kuichakura zaidi achakure. Mimi nipisheni nipite, yai limenibana. Likitoka mtasikia, na mtaa mzima utasikia.