Jinsi Fisi Alivyojipunguza Mpaka Akawa Adimu

Enyi mlioketi!
— Tumeketi, lakini tunawashwa.
Niwarushie ngano?
— Irushe, tutaidaka.
Ikiwachoma?
— Tutapuliza vidole.

Basi dakeni. Na wale wanaosema wanaijua ngano hii, wakae nyuma wanyamaze. Wanaijua kichwa na mkia. Tumbo lake ninalo mimi.

Hapo kale, kaskazini kabisa, kwenye nchi ya mawe meusi, hapakuwa na kitu kinachotulia. Upepo hautulii, vuuu. Vumbi halitulii, tifu tifu. Wanyama nao hawatulii: leo wako hapa, kesho wamelifuata wingu. Ukienda kumsalimia jirani, unakuta nyayo zake tu.

Hivyo wengine wakawa wanapotea bila kuagwa. Choroa yuko wapi? Hajulikani. Swala twiga je? Naye hajulikani. Tembo akaita baraza. Akasema walio wachache wanakwisha kwa sababu hakuna ajuaye wanaishi wapi. Wanazibiwa njia ya maji, wanakanyagiwa watoto. Akaamuru ichorwe ramani. Kila palipo na aliye mchache pawekwe jiwe jeupe. Mwenye jiwe jeupe asiguswe, na atakayemsogelea naye hana jiwe lake, Tembo mwenyewe atamkalia.

Kazi akapewa Digidigi. Huyu ni swala mdogo, kimo chake hata tumbo la mbuzi hakifiki, lakini kwa mipaka hana mpinzani. Ndiyo desturi ya ukoo wao: kila pembe ya ardhi yake anaweka kirundo cha mavi, palepale kila siku, kisha anagusa kijiti kwa kona ya jicho na kuacha tone jeusi la chozi. Msicheke. Kuna watu hapa wamepelekana kwa chifu mara tatu kwa sababu ya ua wa miiba, na wangejua kuweka kirundo yasingewakuta.

Basi Digidigi akaingia kazini. Tip, tip, tip, anakwenda. Anasimama. Anaweka kirundo. Anagusa chozi. Tip, tip, tip, anarudi kwenye ziwa lililokauka, na pale kwenye tope gumu anachora kwa kwato.

Jiwe jeupe la kwanza likawa la Mama Mistari, punda milia wa kaskazini, mwenye mistari myembamba na masikio ya duara. Kwao walikuwa wamebaki watatu, na kiangazi kile alizaliwa mtoto mmoja tu. Kila baada ya siku moja Mama Mistari huenda kisimani, mwendo wa nusu siku, na mtoto humwacha amelala kwenye majani ya korongo, peke yake.

Hilo la peke yake ndilo lililomfikisha Fisi kwenye ramani, ulimi nje.

"Shikamoo, Mjomba," akasema Digidigi.

"Marahaba, mpwa wangu mtamu. Nionyeshe jiwe la yule mtoto, au nianze na wewe."

Digidigi akatazama kushoto, Fisi. Akatazama kulia, mate ya Fisi. Mbio zisingemsaidia, uwanja ule ulikuwa mtupu kama kiganja. Akajibu kwa adabu kwamba kuonyesha si kazi, angempeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Ila Mjomba hana jiwe jeupe, na asiye na jiwe akimsogelea mwenye jiwe, atakaliwa na Tembo. Mjomba amewahi kukaliwa na Tembo?

Fisi akaanza kuzunguka ramani. Akazunguka tena. "Basi niwekee na mimi."

"Jiwe ni la wachache, Mjomba. Wasiozidi miguu yangu hii minne. Kwenu mko wangapi?"

Fisi akahesabu. Alijua kuhesabu vizuri sana. Wako arobaini.

"Mko wengi," akasema Digidigi, akaendelea kuchora.

Fisi akarudi kwao mbio. Akawaambia binamu zake kwamba mashariki, kwenye vilima, ngamia saba wamekufa kwa kiu, bado wa moto. Binamu hawakuuliza. Parakacha, parakacha, wote mashariki. Fisi akarudi kwenye ramani, ulimi nje.

"Sasa mko wangapi, Mjomba?"

Kumi na mbili.

"Mko wengi."

Fisi hakulala, hakula, hata kukaa hakukaa. Akawaambia ndugu zake wa tumbo moja kwamba magharibi, kando ya ziwa, ngamia kumi na nne wamekufa, na wanono kuliko wa mashariki. Parakacha, parakacha, wote magharibi. Fisi akarudi, ulimi nje.

"Sasa mko wangapi, Mjomba?"

"Wawili. Mimi na Mama."

Digidigi akakubali kwamba sasa wanafaa. Akaliokota jiwe jeupe kwa midomo, akalibeba taratibu, kisha akalitua chini kama aliyekumbuka kitu. Akaeleza kwamba jiwe la ukoo huandikwa kwa mkubwa wao. Kwa hiyo hili litakuwa la Mama. Mama atatangulia mlangoni, na Mjomba atakula kitakachobaki.

Sasa, kwa fisi, mama ndiye chifu. Na mama wa Fisi huyu akishakula, kinachobaki ni harufu.

"Liache kwanza," akasema Fisi. "Usilisogeze."

Akaenda. Akamwambia mama yake mzazi kwamba kusini, mwendo wa siku nne, msafara mzima umekufa, ngamia, punda na matandiko yao ya ngozi. Mama akamtazama sana. Akamwuliza, mbona mwenyewe huendi? Fisi akasema mguu unamwuma. Mama akamlamba ule mguu, akaondoka.

"Sasa mko wangapi, Mjomba?"

"Niko peke yangu." Alilisema kifua mbele.

Digidigi akaweka jiwe. Kisha akatimiza ahadi. Tip, tip, tip, akatangulia, Fisi nyuma yake anatetemeka kwa furaha, mpaka korongoni. Mtoto alikuwepo kwenye majani. Na mama yake pia alikuwepo, kwa sababu kisimani alikwenda jana. Digidigi alilijua hilo. Mchora ramani asiyejua nani yuko wapi siku gani ni mchafuzi wa tope tu.

Mama Mistari alipomwona Fisi akarudi nyuma hatua moja. Mmoja hakumtisha. Aliogopa wale thelathini na tisa ambao kila siku huja nyuma yake. Akauliza, "Mko wangapi?"

"Usiniguse, nina jiwe jeupe," akasema Fisi. "Niko peke yangu. Nenda kaulize."

Mama Mistari akatega masikio. Fisi naye, kuona yale masikio, akashikwa na wasiwasi, akaita ukoo kama alivyozoea: uuuu-wip! Akangoja. Uuuu-wip! Vuuu, upepo. Tifu, vumbi. Basi.

"Na mimi jiwe ninalo," akasema Mama Mistari. "Hayo mawe yetu yakagombane kule kwenye ramani. Hapa tuna kwato."

Pwaa! Meno mawili. Pwaa! Mbavu. Ya tatu sikuihesabu, wala Fisi hakungoja ihesabiwe.

Akakimbia mashariki kutafuta binamu. Walishaona hakuna ngamia, walishahama. Magharibi hivyohivyo. Kusini alikutana na mama yake njiani, amerudi na njaa ya siku nane, na mambo waliyozungumza yalimwondolea sikio moja.

Mtoto wa Mama Mistari akakua akawa na mistari mizuri. Na Fisi yuko mpaka leo, anazurura kwenye mawe meusi. Kila asubuhi Digidigi anakuja, tip, tip, tip, anasimama mbali, anamtazama, anasema, "Yupo. Mmoja," kisha anaendelea na kazi.

Funzo lake, wanangu, ni hili: hesabu ni hatari. Fisi angekuwa hajui kuhesabu, angekuwa na ukoo wake wote leo. Mimi shule niliiacha mapema kwa kuogopa mambo kama haya, na mnaona wenyewe nilivyo na ndugu wengi.

Ngano imenitoka mdomoni, iko njiani. Ikipita kwenu, ipeni maji, msiiulize inakokwenda.