Jumbe Aliyewaosha Adui Miguu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, na mwenye kukohoa akohoe sasa. Hapo kale, zamani za mababu, kwenye mji mdogo njiani mwa misafara, aliishi Mwinyikondo. Alikuwa jumbe wa mji, na tena mwenye nyumba ya wageni. Asubuhi anaamua kesi, jioni anatandika vitanda. Kila msafiri aliyefika kwake, kabla hajaulizwa jina, aliwekewa maji ya moto yenye chumvi, akaoshwa miguu. Ndiyo desturi ya nyumba ile.

Ikaja vita. Adui wakachoma mji wa kwanza, waa! Wakachoma wa pili, waa! Watu wa Mwinyikondo wakabeba mikeka na kuku, wakakimbilia vichakani. Wakamsihi naye akimbie, akakataa. Hofu alikuwa nayo, jamani. Lakini alimwambia mkewe, Bi Mwanahawa, abandike maji.

"Nibandike chungu kipi, mume wangu?"

"Vyote."

Alasiri adui wakaingia, tu! tu! tu! Jemadari wao yuko mbele, kijinga cha moto mkononi. Mwinyikondo akapiga magoti, akamvua makubadhi. Jemadari akaduwaa. Miguu imepasuka, kucha zimeng'oka. Mzee akaiosha polepole, kidole kwa kidole, kama ya mtoto.

"Mama yupo, mwanangu?"

"Nilimwacha mgonjwa," jemadari akasema, na machozi yakamtoka. Akakizima kijinga mchangani, akawaambia watu wake kwamba mji ulikooshwa miguu hauchomwi.

Mzee akaosha wa pili, akaosha wa tatu, akaosha mpaka mgongo ukakataa kunyooka, mkewe akampokea. Jeshi zima likalala barazani, koroo, koroo. Alfajiri likaenda zake, halikugusa hata banda la kuku.

Watu wakarudi. Mnadhani walimshukuru? Thubutu! Wakaitana, wakasema jumbe kawaaibisha kwa kuinamia miguu ya adui, wakamvua kilemba cha ujumbe mbele ya wote. Bi Mwanahawa akalia kwa uchungu. Mumewe akamfuta machozi kwa upindo wa kanga yake.

"Waache, Mwanahawa. Wamenikasirikia, kisha kila mmoja ameenda kulala kwake."

Ndiyo maana, wanangu, husemwa mkubwa ni jalala: taka zote hutupwa kwake, mji ukabaki safi. Hadithi yangu nimeitua hapo.