Meza ya Mninga Isiyo na Kinanda

Wahenga waliosema kwamba mchagua jembe si mkulima hawakuwa na ugomvi na jembe. Walikuwa wamechoshwa na mtu. Mtu mwenyewe ni yule anayefika shambani jua limekwisha panda, akaliinua jembe hili akaliona zito, akaliinua lile akaona mpini umepinda, na muda huo wenzake wameshamaliza tuta la tatu. Mwenye nia ya kulima hushika lililopo. Asiye na nia hubaki akitafuta, na kutafuta kwake hufanana sana na bidii, hata mama mzazi akadanganyika.

Bimdogo binti Humaidi wa Kanyenye, mjini Tabora, alidanganyika hivyo miaka miwili mizima. Ilikuwa ile miaka ya Ujamaa, watu wakihamia vijiji vipya na maduka ya watu binafsi yakifungwa moja moja. Mwanawe wa pekee, Muhanna, alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na mkono mwepesi wa kinanda alioupata utotoni kwa mjomba wake. Mjomba alipofariki kinanda kiliuzwa, na tangu siku hiyo Muhanna akawa mpiga kinanda asiye na kinanda.

Vingine vyote alikuwa navyo. Chumba cha uani, ambamo Bimdogo alikuwa akiweka magunia ya mpunga, alikigeuza chumba cha kurekodia muziki. Mpunga ulihamia chini ya kitanda cha mama, na magunia matupu yakatundikwa ukutani ili sauti isirudi. Redio ya kaseti ilikaa kwenye rafu. Mlangoni alibandika karatasi: KIMYA, MSANII YUKO KAZINI. Katikati ya chumba ilisimama meza ya mninga, imepigwa msasa mpaka inang'aa kama kioo, imetengenezwa makusudi kwa ajili ya kinanda kitakachokuja. Kila asubuhi Muhanna aliifuta vumbi. Kila asubuhi Bimdogo aliitazama ile meza tupu, ikamkereketa kama mwiba wa samaki kooni.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, Mzee Lukumani, balozi wa nyumba kumi, alifika na daftari lake kwapani.

"Mama Muhanna, nimekuja kama jirani kabla sijaja kama balozi," alisema akipokea kikombe cha kahawa. "Mwisho wa mwezi natakiwa kupeleka majina ya vijana wasio na kazi. Watahamishiwa kijiji kipya, huko porini Usinge. Mwanao nimwandike nani?"

"Mwandike mpiga kinanda."

"Kinanda kiko wapi?"

Bimdogo alimwongezea kahawa. Mzee akapuliza kahawa yake, akashusha sauti. "Sikiliza. Bwana Twalibu wa kikundi cha taarab cha mkoa anatafuta mpiga kinanda. Kazi ya mshahara, yenye karatasi. Ila kikundi hakina chombo, kila mpigaji anakuja na chake. Majaribio ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akichukuliwa, jina lake siliandiki."

Usiku ule Bimdogo alihesabu siku zilizobaki. Usinge aliijua kwa kusikia: misitu, mbung'o, homa. Na Muhanna alimjua kwa kumzaa: kijana ambaye hata kuni hajawahi kupasua, tena kifua chake hakikubali baridi. Kesho yake alizivua bangili zake mbili za fedha, urithi wa mama yake, akazipeleka kwa sonara. Pesa haikufikia kinanda kipya. Kikuukuu iliweza, na vikuukuu mjini havikukosekana.

Cha kwanza kilikuwa cha misheni, kile cha kukanyaga kwa miguu. Muhanna alikizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe. "Nitakanyaga kama fundi cherehani," alisema. "Heshima yangu itakuwa wapi?"

Cha pili kilikuwa kodiani, ile ya kuvaliwa kifuani, ya Bwana Gulzar, mstaafu wa reli. Hiyo alisema inabana kifua.

Cha tatu kilikuwa kwa Bwana Popatlal. Mzee huyo alikuwa akifunga duka lake amfuate binti yake Dar es Salaam. Rafu zilikuwa tupu na masanduku yamekwisha pigiliwa misumari. Juu ya kaunta kiliwekwa kinanda kidogo cha mivukuto, kile ambacho mkono wa kushoto huvuta upepo nyuma na wa kulia hugonga meno mbele. Kilikuwa kimeimba nyumbani kwake miaka ishirini. Bei aliyotaja ilikuwa ya mtu anayetafutia kitu chake mlezi.

Muhanna aligonga mara mbili, akauinua mkono. "Kinahema kama mgonjwa wa pumu. Mivukuto inavuja."

"Hata mimi nahema," alijibu Popatlal. "Kila chenye mapafu kinahema. Palipotoboka, ziba."

"Na hili jino halilii."

"Moja tu. Hesabu yanayolia."

"Na rangi imebanduka."

Popatlal alimgeukia Bimdogo. "Mama, mwanao anataka kupiga au anataka kuposa?"

Bimdogo angecheka kama si ule mwisho wa mwezi uliokuwa kama kisu mgongoni kwake. "Kichukue, mwanangu. Babu yako Humaidi alikwenda Ujiji na misafara, kwa miguu, na makubadhi ya ngozi mbichi. Hakusema yanabana."

"Mama, babu hakuwa msanii."

Njiani Muhanna akatoa siri yake. Rafiki yake Kornel alikuwa amemwandikia kutoka Dar es Salaam kwamba kuna mtu anauza vinanda viwili vya umeme, kimoja cheusi na kimoja cha kahawia, kila kimoja kwa bei ambayo pesa ya bangili ingefikia. Kinanda kimoja kina sauti kumi na mbili ndani yake.

"Na umeme utautoa wapi?" aliuliza Bimdogo. "Nguzo zimekomea kwenye kona ya msikiti."

"Utafika."

"Lini?"

"Mama, kitu kizuri hakitaki haraka."

Basi zikaanza safari za barua. Muhanna aliandika kuuliza kati ya cheusi na cha kahawia kipi hakishiki vumbi. Kornel akajibu cheusi kinashika. Muhanna akaandika kuuliza urefu wa hicho cha kahawia, maana meza ya mninga ilikwisha kupimwa. Kornel akapima, akajibu. Muhanna akaandika tena kuuliza miguu yake. Treni ilikwenda na kurudi, siku nazo zikaondoka bila tiketi.

Ijumaa moja Bimdogo alipokuwa sokoni akitafuta mchicha, alisikia wimbo wa harusi ukitoka nyuma ya madebe ya asali. Alizunguka. Aliyekuwa akipiga ni Luhende, muuza asali aliyekuwa akimletea nyumbani kila mwezi, mtoto wa warina asali ambaye alijifunza kinanda cha kukanyaga kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Luhende, hicho si cha Popatlal?"

"Ndicho. Tumebadilishana kwa madebe mawili ya asali. Mzee amesema huko Dar atakuwa anakumbuka Tabora kila akinywa chai."

"Kilikuwa kinavuja."

"Kilikuwa. Nta tunazibia mizinga, itashindwaje na kisanduku?" Alimwonyesha mivukuto ilivyopakwa nta kwenye kila mkunjo, na kiraka cha ngozi ya mbuzi pembeni.

"Na lile jino bovu?"

"Naliruka, mama. Bibi yangu hana meno ya mbele, lakini akikunyima ugali unamwelewa vizuri tu."

Bimdogo alirudi nyumbani bila mchicha. Alimkuta Muhanna anaifuta meza. Akamsimulia yote, kuanzia nta mpaka jino. Muhanna akatabasamu lile tabasamu la mtu anayemhurumia mwenzake. "Anapiga wimbo wenye pengo," alisema.

"Na wewe unapiga pengo lisilo na wimbo," alijibu Bimdogo, akaenda zake jikoni, maana mkono ulikuwa umeanza kuwasha.

Alhamisi, siku mbili kabla ya majaribio, barua ya mwisho ilifika. Ilikuwa fupi. Kornel aliandika: "Ndugu yangu, wakati unauliza habari za miguu, vyote viwili vimenunuliwa. Mnunuzi hakuuliza kitu."

Jumamosi Muhanna alikwenda kwenye ukumbi wa majaribio mikono mitupu, kanzu imepigwa pasi. Bwana Twalibu alimtazama juu mpaka chini. "Chombo chako?"

"Kilikuwa Dar es Salaam."

"Sisi tuko Tabora."

Watu wakacheka. Luhende, naye amekuja kujaribiwa, ndiye aliyemwokoa. Alikisukuma kinanda chake mbele. "Piga hiki, kaka. Mimi nitasubiri."

Bimdogo, aliyesimama mlangoni na kina mama wengine, alianza kuomba dua. Muhanna aliketi, akasema benchi ni fupi. Likaletwa jingine. Akaanza. Vidole vilivyolala miaka miwili viliamka kwa shida, kama mtu aliyekalia mguu. Hata hivyo wimbo ulikuwa mle ndani, Bimdogo aliusikia, na kwa pumzi moja alimwona mwanawe amepona. Kisha kidole kikaangukia lile jino lisilolia. Kimya. Akaanza upya, kikaangukia palepale. Mara ya tatu, palepale tena. Akaacha, akamwambia Twalibu kwamba chombo hiki alikwisha kukikagua na alijua tangu mwanzo kuwa hakifai.

"Kijana," alisema Twalibu, "kumbe ulikipata ukakiacha?"

Muhanna akainuka. Luhende akaketi juu ya benchi lilelile lililosemwa fupi, akavuta upepo, akaruka jino bovu kama mtu anayevuka kijito cha nyumbani kwao. Kabla ubeti wa pili haujaisha, kina mama wa mlangoni walikuwa wanaitikia. Bimdogo peke yake ndiye aliyefumba mdomo.

Jumatatu jina la Luhende liliingia kwenye kikundi, na la Muhanna likaingia kwenye daftari la Mzee Lukumani. Balozi aliliandika taratibu, bila kumtazama Bimdogo usoni.

Siku ya kuhama Bimdogo alipanda treni na Muhanna hadi Usinge, ili akaone mwanawe atalala wapi. Mpunga ulikwisha kurudi chumba cha uani, umepangwa juu ya meza ya mninga. Kijijini waliwakuta watu wamekusanyika uwanjani, mawingu ya kwanza yakijikusanya nayo. Mwenyekiti wa kijiji alimwaga chini rundo la majembe, akasema kila mtu achukue lake, shamba la ujamaa linaanza leo kabla mvua haijawatangulia.

Watu wakainama, wakachukua, wakaondoka. Muhanna naye aliinama. Aliinua moja, akalipima kwa mkono. "Mama, hili limelegea shingoni." Akalirudisha, akainua jingine. "Na hili mpini wake una fundo." Alipolishika la tatu kuangalia makali, kikongwe mmoja aliliokota lile lililolegea, akaligonga mara moja juu ya jiwe, likakaza, akaenda nalo.

Mwishowe lilibaki moja. Lilikuwa limekatika pembe, halina mpini.

"Hilo ndilo lako, bwana," alisema mwenyekiti. "Mti wa mpini uko porini. Chagua utakaoupenda."

Muhanna aligeuka kumtazama mama yake, kama mtoto anayesubiri kutetewa. Maneno yake yote Bimdogo alikwisha kuyamaliza Tabora. Aliokota lile jembe, akaliweka mkononi mwa mwanawe, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja. Ng'ambo ya uwanja, tuta la kwanza la yule kikongwe lilikuwa limekwisha inuka. Ama kweli, mchagua jembe si mkulima.