Ndama wa Mabaka ni wa Nani?

Sogeeni, ila msianze kugombana kabla sijamaliza. Sisi bibi alitusimulia kisa hiki huku akikamua, nasi tukabishana mpaka maziwa yakapoa. Hata leo natamani kuyasikia mabishano yale.

Mzee Mazoya wa Ugogo alikuwa na watoto watatu. Sechelela alikuwa na masikio makali. Chiwanga alikuwa na mikono yenye akili. Nyemo, kitinda mimba, hakuwa na lolote ila ukaidi, na kumbukumbu ya kila neno la marehemu mama yao.

Mwaka ule ukame ulimaliza ng'ombe wote, akabaki Mabaka peke yake, tena ana mimba. Asubuhi moja akatoweka malishoni. Mzee akawaambia wanawe, "Akizaa jike, ndama ni wa atakayemwokoa. Aanze zizi lake."

Wakatafuta mpaka miguu ikawaka moto. Sechelela akasimama ghafla. "Nyamazeni! Anaguna kule." Wenzake walisikia upepo tu. Akawaongoza moja kwa moja hadi kwenye kichaka cha miiba, na kweli, Mabaka alikuwa amelala, yu hoi.

Ndama alikuwa amekwama, mguu mmoja umekunjika. Chiwanga akapiga magoti, akaingiza mkono taratibu, akausukuma mguu nyuma, akaunyoosha, kisha akavuta kila Mabaka alipojikamua. Ndama jike akaanguka majanini, akapiga chafya. Walicheka huku wakilia.

Kondo la nyuma lilipotoka, Mabaka akaanza kulila. Chiwanga akaruka.

"Ng'ombe hali nyama, jamani! Litamkaba. Tuwapelekee mbwa."

Nyemo akamzuia kwa fimbo. "Kaka, mwache."

"Nyemo, usinitie wazimu!"

"Mama alisema hulila ili harufu isimwite fisi. Mwache, nasema!"

Mabaka akalila lote, akalamba hata majani yenye damu.

Ndama hakuwa na nguvu ya kutembea, wakasubiri. Jua likielekea kuzama, fisi akatokea, hatua thelathini hivi kutoka kichakani. Akainua pua, akanusa huku, akanusa kule, akajiendea zake.

Nyumbani, baada ya kusimuliwa yote, Mzee Mazoya alishika kamba ya ndama. "Haya, nimpe nani?"

"Bila masikio yangu mngemkuta amekufa," akasema Sechelela.

"Bila mikono yangu wangekufa wote wawili," akasema Chiwanga.

"Na bila ukaidi wangu," akasema Nyemo, "mngemlisha fisi."

Mzee akamtazama Mabaka, aliyekuwa akimlamba mwanawe masikio.

"Lakini aliyelila kondo ni huyu. Nikisema ndama ni wake, hakuna kati yenu wa kuanza zizi. Nikisema si wake, nitamtazamaje?"

Kila mmoja alimtaka ndama yule kwa moyo wake wote, na kila mmoja alikuwa amenyoosha mkono kuipokea kamba.

Je, wewe, kamba ile ungemkabidhi nani?