Kaniki ya Heri

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya! Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kijijini nyumba ya unyago, na ndani yake wari wanane. Walikula sinia moja, walilala mkeka mmoja. Mlangoni ilitundikwa kaniki ya heri. Kila alfajiri mwari hujifuta nayo uso, apate mume upesi. Huyu anafuta, yule anafuta, futa, futa, futa! Ila Tunu. Tunu na mamaye mjane walikuwa wageni, wamehamia majuzi. Akaambiwa, "Heri yetu usiiguse!"

Siku moja mwari mmoja akaamka jicho jekundu, limeganda kwa matongotongo. Kesho yake watatu. Kesho kutwa saba! Tunu je? Macho meupe pe!

Wee! Kijiji kikawaka. "Mbona yeye mzima? Mchawi huyo!" Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Jumbe mwenyewe, jicho limemvimba, akanguruma, "Kesho asubuhi Tunu na mamaye watoke hapa!" Tunu akalia mpaka sauti ikamkauka. Jamani, roho inaniuma, na wala sikuwepo!

Sasa, palikuwa na bikizee mpenda kucheka, Bibi Chausiku. Jioni ile akamwendea Tunu.

"Mjukuu wangu, wenzako hufanya nini ambacho wewe hufanyi?"

"Nimekatazwa kaniki tu, bibi."

"Kumbe!" Bibi akacheka, kwi kwi kwi! Akakwangua masizi ya chungu, akaipaka ile kaniki. Kaniki nyeusi, masizi meusi, nani ataona?

Asubuhi watu wakajaa uani kumfukuza Tunu. Wari wakatoka. Lahaula! Nyuso nyeusi ti! Wakatazamana, wakanyoosheana vidole, kwa kwa kwa! Akatoka Tunu, uso safi.

Bibi akasema, "Masizi nimepaka kaniki tu, yamefika nyuso saba. Ugonjwa nao umepita njia hiyo hiyo."

"Uongo!" akanguruma Jumbe.

Watu wakamgeukia. Ala! Puani kwa Jumbe, masizi!

"Jumbe," akauliza Bibi, "nawe unatafuta mume?"

Watu wakagaragara chini. Jumbe, mgane aliyefiwa na mkewe miaka mitatu nyuma, akasema kwa kisauti, "Nilipita tu alfajiri... Mke nami namtaka."

Kaniki ikachemshwa. Kila mwari akapewa kitambaa chake na maji yake, mikono ikaoshwa, macho yakapona. Jumbe akaenda kumwomba radhi mama Tunu. Kesho yake akaenda tena. Kesho kutwa tena! Mmeshaelewa wenyewe. Arusi ilichezwa siku saba, na kila mgeni alikuja na kitambaa chake.

Basi, ugonjwa ukiingia nyumbani, kabla hujatafuta mchawi, fua kitambaa. Hadithi yangu imeishia hapo. Na wewe unayejifuta kwa leso ya jirani, nimekuona!