Godoro la Bi Nyamvula

Siku Bi Nyamvula, mshona nguo wa Pongwe, alipokuwa anahama, mwenye nyumba wake, Mzee Shekue, alimzuia mlangoni na kuikamata cherehani yake.

"Hutoki nayo mpaka lile godoro lako bovu liondoke chumbani mwangu!"

Wenye mikokoteni wote walikuwa wamelikataa. Bi Nyamvula akarudi ndani, akalikumbatia godoro, akaanza kulia huku akiupapasa mshono wake.

Mzee Shekue akachungulia. "Mna nini humo?"

"Sufi tu, baba."

"Sufi ndiyo ya kukuliza hivyo?"

"Baba yangu, chukua hiyo cherehani iwe yako. Mimi niachie godoro langu."

Macho ya mzee yakang'aa. "Thubutu! Beba cherehani yako uende. Godoro linabaki!"

Bi Nyamvula akapiga magoti, akasihi, wapi! Mzee alijitwika godoro mwenyewe mbele ya majirani, akalipeleka chumbani kwake, akajifungia nalo.

Njiani shoga yake akamwuliza, "Ulimdanganya lina nini?"

"Sikumdanganya. Nilimwambia lina sufi," alijibu Bi Nyamvula huku akijikuna shingo. "Habari za kunguni hakuniuliza."